Mwalimu Akiisha Kuondoka

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40



Shule zinafunguliwa, na nyumba nyingi za mtaa wetu zina pilikapilika. Sare zashonwa, madaftari yanunuliwa, na wazazi wahesabu senti zilizobaki. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za Serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Lakini kila mzazi ajua ya kuwa mtoto hasomi bure. Kuna viatu, kalamu, chakula, na kwa wengi tuisheni ya jioni. Kwa hiyo twaona vema tuulize swali moja kabla fedha hizo hazijatoka mfukoni: tunampeleka mtoto shuleni akapate nini?

Wengi watajibu upesi, "Akapate elimu." Jibu hilo ni jema, ila ni fupi. Elimu yaweza kuwa mzigo wa maneno ambao mwalimu anautua kichwani mwa mtoto, naye mtoto anautua kwenye karatasi ya mtihani, kisha anakwenda zake mikono mitupu. Tena elimu yaweza kuwa uwezo wa kujifunza, ambao mtoto akiisha kuupata hanyang'anywi, hata shule ikifungwa na mwalimu akihamishwa. Katika barua hii twataka kusema habari ya tofauti hiyo, maana si jambo la walimu peke yao. Lahusu nyumba zetu, na lahusu imani yetu.

Hebu tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mkushi mmoja, towashi, mwenye kuitunza hazina ya malkia Kandake, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza. Ameketi garini, na mkononi ana chuo cha nabii Isaya. Mtu huyu si mjinga. Ana cheo, ana mali, na kusoma ajua. Maneno yote ya nabii anayo mbele ya macho yake, wala halikupungua hata moja. Lakini haelewi. Kumbe mtu aweza kuwa na maneno yote na bado asipate kitu.

Filipo akapiga mbio akalifikia gari. Tazameni alivyofanya. Hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuuliza kama msomaji anakifahamu anachokisoma. Mkushi alijibu kwa unyofu kwamba hawezi asipoongozwa na mtu, akamkaribisha apande. Kisha yeye mwenyewe akatoa swali lake: je, nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo akaanzia pale pale chuo kilipokuwa kimefunguliwa, akamweleza habari za Yesu.

Yako mambo mawili yaliyofuata ambayo wasomaji wengi huyapita upesi. La kwanza ni yale maji. Walipofika mahali penye maji, aliyeyaona na kutaka kubatizwa alikuwa Mkushi, wala Filipo hakumwambia. Mwanafunzi aliunganisha mwenyewe neno alilofundishwa na kitu alichokiona njiani. La pili ni kuondoka kwa mwalimu. Mara baada ya ubatizo Roho wa Bwana akamnyakua Filipo, na Mkushi hakumwona tena. Je, alikaa chini akalia? Aligeuza gari arudi Yerusalemu akatafute mwalimu mwingine? La. Aliendelea na safari yake akifurahi. Chuo alikuwa nacho, na sasa alijua namna ya kukisoma.

Hicho, ndugu zangu, ndicho kipimo cha kufundisha. Mwalimu akiisha kuondoka, mwanafunzi aweza kuendelea?

Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo. Katika Luka sura ya 10 mwanasheria alimwendea akataka kujua afanye nini apate kuurithi uzima wa milele. Bwana angeweza kumjibu kwa maneno machache akamwacha aende. Badala yake alimrudisha kwenye Torati, akamwuliza yeye anaisomaje. Na yule mtu alipotaka kujua jirani yake ni nani, alipewa hadithi ya Msamaria, halafu akaulizwa aamue mwenyewe ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani. Mwanasheria akalitamka jibu kwa kinywa chake. Jibu la namna hiyo halisahauliki, maana mwenyewe ndiye aliyelizaa. Tena kumbukeni jinsi Bwana alivyowatuma wale Thenashara wawili wawili wakiwa bado hawajajua mengi. Walikwenda, wakafanya kazi, wakarudi kumweleza yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Hakungoja wajue yote ndipo awaachie kazi.

Tuchukue sasa mfano wa darasani. Mtoto afundishwa ya kuwa eneo la mstatili ni urefu mara upana. Anaimba, anaandika, anapata alama ya vema. Siku moja baba yake anamwonyesha shamba lenye umbo la herufi L, atake kujua ukubwa wake. Mtoto asema, "Hili hatujafundishwa." Na asema kweli. Mtoto mwingine, mwenye kanuni ile ile, anachora shamba chini kwa kijiti, analitazama, anajiuliza, "Humu mna kitu ninachokijua?" Anapiga mstari mmoja, na ile L yagawanyika kuwa mistatili miwili, mmoja wa mita 30 kwa 10 na mwingine wa mita 20 kwa 10. Anajumlisha 300 na 200, anapata mita za mraba 500. Watoto hawa wawili walipewa kanuni moja. Lakini mmoja alipewa kanuni tu, na mwenzake alizoezwa pia kukabili jambo asilolijua. Duniani humu mashamba ya umbo la L ni mengi kuliko ya mstatili.

Asije mtu akasema kwamba tunadharau kukariri. La hasha. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha kwa moyo atachoka kabla hajafika nusu ya hesabu. Zaburi tuliyoikariri utotoni hutufaa usiku wa ugonjwa, wakati hatuna taa wala kitabu. Hata yule Mkushi, kama asingekuwa na Isaya mkononi, angekuwa hana la kumwuliza Filipo. Mtu hawezi kufikiri kwa kichwa kitupu. Neno letu ni hili: maarifa ni mbegu, na mbegu hupewa mkulima ili apande. Akipewa kuitunza tu mpaka siku ya kukaguliwa, haizai.

Wala tusiwalaumu walimu. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake, vitabu haba, na mtihani wa Taifa unaomngoja, atafanyaje? Muhtasari wa masomo ni mrefu, na mkaguzi atamwuliza amefika ukurasa gani. Wazazi nao watamwuliza wangapi wamefaulu. Ni wachache wanaomwuliza wangapi wameelewa. Basi huandika ubaoni, watoto hunakili, kengele hulia. Walimu wengi hujitahidi zaidi ya hapo, na Mungu awabariki. Lakini yatupasa kujua matokeo ya kwenda mbio namna hiyo. Watafiti wa Uwezo walipowapima watoto majumbani mwao mwaka 2010 hapa Tanzania, walikuta wengi waliokwisha kufika darasa la tatu ambao hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Masomo yalikuwa yamefundishwa, na ukurasa ulikuwa umefikiwa. Watoto ndio walioachwa nyuma. Ndiyo maana mwaka 2015 Serikali ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili, ili mkazo uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu.

Wazo hili si geni katika nchi yetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wakumbuka majembe na mashamba ya shule, wakasahau kwamba katika andiko hilo alitaka pia mtoto awe na akili ya kuuliza, aweze kujifunza kwa wengine, na kuchagua lipi linafaa na lipi halifai kwa hali yake. Mwaka 2005 mitaala ya sekondari ilibadilishwa ili ipime ujuzi badala ya maneno yaliyokaririwa, na mitaala mingine iliyoboreshwa ilianza kutumika mwaka 2024 kwa kusudi hilo hilo. Lakini karatasi ya mtaala haifundishi. Kama nyumbani tunataka alama tu, shule nayo itatupa alama tu.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza redio. Kama wangesikiliza tu na kwenda kulala, leo isingekuwapo habari ya kusimulia. Lakini redio ilipozimwa, ndipo kazi ilipoanza. Walisoma kitabu chao, wakaulizana ni magonjwa gani yaliyopo katika kijiji chao wenyewe na chanzo chake ni nini, kisha wakakata shauri la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini choo kilichimbwa na mtu aliyeelewa kwa nini anachimba.

Na katika historia ya Kanisa letu tuna mashahidi. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, pamoja na Askofu Tozer, hakuanza kwa kujifanya mjuzi. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akawasikiliza wakisimulia hadithi zao, akaandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi hizo. Yeye aliyekuja kufundisha alikuwa mwanafunzi kwanza. Nao watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa na misheni ile hawakubaki kuwa wasikilizaji. John Swedi alikuwa mmoja wao, naye akapewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, alikwenda kufanya kazi Chitangali, huko kusini, mbali na walimu wake. Mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza kuipata daraja hiyo katika misheni ya UMCA. Filipo wake hakuwa naye tena garini, wala safari haikusimama.

Sasa yatupasa kusema kwa nini jambo hili latuuma mwaka huu, wala si jambo la kuzungumza tu baada ya Misa.

Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo, wako vijana katika mtaa wetu ambao hawakuchaguliwa kuendelea. Twawafahamu. Wengine huacha kuja kanisani kwa aibu. Kijana aliyefundishwa kwamba elimu ni kitu kinachotolewa na mwalimu, siku anapoambiwa kwamba mwalimu hayupo tena, huamini kwamba na elimu imekwisha. Ana miaka 14 au 17, naye ajiona amefungiwa mlango. Lakini kijana aliyezoezwa kujifunza aweza kukaa kwa fundi cherehani akatazama, akauliza, akajaribu kwenye kitambaa kibovu, akafumua, akashona tena. Aweza kusoma kijitabu cha bwana shamba, akapima dawa bila kuunguza mimea. Mtihani ulimnyima nafasi darasani, lakini haukumnyima akili aliyopewa na Mungu. Tusimwambie kijana huyo kwamba ameshindwa maisha. Akisikia neno hilo kwa mama yake na kwa padre wake, ataliamini.

Tena kuna hatari nyingine. Siku hizi majibu ni mengi kuliko maswali. Simu ya mkononi yampa mtoto jibu kabla hajamaliza kuuliza, na zipo sasa programu zinazomwandikia insha nzima. Baadhi ya majibu hayo ni ya kweli na baadhi ni ya uongo, na yote yamevaa nguo moja. Asiyejua kuyapima atatapeliwa fedha zake kwa ujumbe wa simu, atakunywa dawa ya mganga wa uongo, atamfuata nabii anayeuza baraka kwa bei. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Mtume Paulo kwa moyo wote, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Ikiwa Mtume mwenyewe alichunguzwa na asikasirike, ni mhubiri gani wa leo asiyepaswa kuchunguzwa? Mkristo aliyezoea kuitikia tu ni windo jepesi.

Basi tufanye nini? Twawaomba mambo manne yasiyohitaji fedha.

Kwanza, nyumbani. Mtoto arudipo, tusiishie kumwuliza, "Umepata ngapi?" Tumwulize pia, "Umejuaje?" Swali hili mzazi asiyejua kusoma aweza kuliuliza sawasawa na mwenye shahada. Mwambie mtoto afunge daftari, akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichojifunza leo. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia kesho. Mama amfundishapo binti au mwana kusonga ugali, hampi hotuba ya unga na maji. Humpa mwiko, akasimama karibu, akaacha ugali wa kwanza uwe na madonge. Na masomo ni hivyo hivyo.

Pili, tupokee maswali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mara nyingi mtoto akiuliza twamwambia ana kiherehere. Bwana Yesu alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, na wote waliomsikia walistaajabia fahamu zake. Wale walimu hawakumfukuza. Basi na sisi tusimfukuze mtoto. Na tusipojua jibu, tumwambie, "Silijui, twende tukalitafute." Hapo tutakuwa tumemfundisha zaidi ya jibu lenyewe.

Tatu, darasa la kipaimara. Katekisimu itaendelea kujifunzwa kwa moyo, Imani ya Mitume na Amri Kumi pia. Lakini mtoto akiisha kuisema amri ya kutoiba, walimu wetu wa dini wamwulize: je, mizani ya sokoni iliyopunguzwa ni wizi? Na kunakili jibu la mwenzako katika mtihani je? Amri ambayo haijafika sokoni na darasani bado iko mdomoni tu. Askofu atakapomwekea mikono, na aweke juu ya kichwa kinachojua kinachokiri.

Nne, vijana wetu waliomaliza shule. Wako kati yetu walimu wastaafu, mafundi, wauguzi na wakulima hodari. Twawaomba kila mmoja achukue kijana mmoja, amweke karibu naye, amruhusu kuuliza na kukosea. Akina mama wa Umoja na wazee wa Kanisa wajua nyumba ambazo vijana hao wamo. Wasingoje waje wenyewe. Filipo alikimbia akalifuata gari, gari halikumfuata yeye.

Na sisi tulio wahudumu wa Neno tuna sehemu yetu katika jambo hili. Bwana alipokaribia kuwaacha wanafunzi wake aliwaambia kwamba kuondoka kwake kwawafaa, kwa kuwa Roho wa kweli atakuja awaongoze. Ni neno la ajabu. Yeye aliye Mwalimu wa walimu wote hakutaka wanafunzi wa kumshika nguo milele. Aliwaamini, kwa sababu alijua ni Nani atakayebaki nao. Mzazi, mwalimu na padre asiyeweza kumwachia mwanafunzi wake aende, huenda amesahau kwamba Roho Mtakatifu naye ni mwalimu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyempa mwanadamu akili ya kukutafuta, wabariki watoto wetu wanaorudi shuleni. Uwape walimu wao subira, na wazazi wao hekima. Uwakumbuke wale ambao majina yao hayakusomwa, uwaonyeshe njia uliyowawekea. Utujalie sisi sote kulipokea Neno lako, kulichunguza na kulitenda, ili hata walimu wetu watakapoondoka, tuendelee na safari yetu kwa furaha, tukiongozwa na Roho wako Mtakatifu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.